Nilimchagua Shangazi Mara Mbili

Nakiri mbele yenu nyote: kosa ni langu, msimlaumu daktari.

Mwaka mmoja kabla ya kuposa, mshipa wa damu ulinipasuka ubongoni nikiwa kazini katikati ya jiji. Nilifanyiwa upasuaji, nikapona. Lakini kumbukumbu! Niwaeleze taratibu: ubongo wangu ukawa kama karani anayeipiga barua muhuri kisha asiiweke kwenye faili. Jina la mwalimu wangu wa darasa la kwanza ninalo. Nilichokula asubuhi, sina.

Kliniki walinipa kijitabu niandike kila kitu. Nikakitupa kwenye droo. Mtu mzima nitembee na kijitabu kama mtoto wa nasari? Kiburi hicho! Wakwe nao sikuwaambia lolote, nisije nikanyimwa mke.

Siku ya kupeleka mahari kwao Wanjiru, mchumba wangu, kule Muthangari, walipanga wanawake saba waliofunikwa leso gubigubi hadi vifundoni, nimtambue wangu. Asubuhi alikuwa amenitonya kwa simu: atachezesha kidole gumba cha mguu. Nilipofika mbele yao nilikumbuka tu kwamba kuna kitu kitachezeshwa. Kitu gani? Ole wangu!

Mmoja alikuna goti. Nikamshika mkono.

Leso ikafunuliwa. Shangazi yake Wanjiru!

"Haya bwanangu, twende. Mkoba wangu uko wapi?"

Watu wakaangua kicheko, nikatozwa mbuzi, wakapangwa upya. Nikazunguka, nikashika mwingine.

Shangazi yuleyule!

"Wee! Huyu ananipenda kweli!"

Safari hii waliocheka ni wachache. Baba yake Wanjiru aliweka kikombe chini. "Kijana, binti yetu unamjua, ama unatuchezea?"

Niliona ndoa inaniponyoka. Nikasema yote, machozi yakinitoka: mshipa, upasuaji, kijitabu.

Leso moja ikasema, "Baba, mimi najua. Kila siku ananiuliza kama natia sukari kwenye chai. Na hajawahi kuniletea chai baridi."

Nikaifuata ile sauti. Nikapatia!

Mzee akatikisa kichwa. "Si ungesema ukiwa mlangoni? Tungemfunika mmoja tu!"

Ndugu yangu, kama ubongo wako umepita nilikopita, usione haya. Waambie watu wako, na uandike. Kijitabu changu sasa hakitoki mfukoni. Ukurasa wa kwanza ni mwandiko wa Wanjiru: "Mimi ndiye mkeo. Yule mwingine ni shangazi."