Mchi Wenye Magamba

Mimi nilizaliwa na udadisi, na umeniponza mara nyingi. Nilipokuwa msichana kwetu, upande wa Kabambare, niliufumua mkeka mzima wa shangazi yangu, mkeka mpya wa ukindu, ili tu nione ulianzia wapi. Shangazi hakunichapa. Alikaa mbele yangu, akakunja mikono, akaniambia niusuke tena mpaka uishe, na ugali nitauona baadaye. Niliusuka siku mbili, nikila ndizi za kuiba. Naanza na hilo kwa sababu watu huniuliza mwanamke amejulia wapi mambo ya bunduki, na mimi nawajibu kwamba niliyajulia kwenye mkeka. Wanadhani nawatania.

Niliolewa Kasongo, enzi za Wabelgiji, kwa fundi wa miti ya bunduki. Bunduki ina chuma na ina mti. Chuma mume wangu hakukijua sana wala hakujifanya anakijua. Yeye alikuwa wa mti: kile kitako kinachokaa begani, na shingo yake, pale mkono unaposhika. Wazungu walikuwa na bunduki za kuwinda, machifu walikuwa nazo, na wawindaji wachache wenye kibali. Na mchwa wa kwetu hawaulizi mti ni wa nani. Mtu anaegemeza bunduki yake ukutani, anasafiri, akirudi anakuta kitako kimebaki ganda. Hapo anaulizia nyumba yetu.

Mume wangu alichonga kitako kipya cha mukula, ule mti mwekundu ambao unga wake wanawake hujipaka wakitoka uzazini. Lakini mti uliolainishwa vizuri unateleza kwenye mkono wenye jasho. Kwa hiyo pale shingoni alikata magamba, ndivyo alivyoyaita. Alikata mistari myembamba iliyolala upande huu, halafu mingine iliyolala upande ule, ikakatana, na katikati vikabaki vijipembe virefu vyenye ncha, mamia kwa mamia. Ukiyashika yale magamba, nayo yanakushika. Mara ya kwanza kuyaona nilisema ni mkeka, na mume wangu akacheka mpaka akakohoa.

Sasa, vyombo vya kukatia magamba ndivyo vilivyoniwasha. Alivitunza kwenye mkebe wa biskuti, vimeviringishwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Kimoja kilikuwa ubavu wa mwavuli uliokufa, amenoa ncha yake, ule mfereji wa chuma ukawa patasi ndogo ya kuanzia mstari. Kingine kilikuwa tupa fupi iliyopinda, ya kuchimba mistari iende chini. Na katikati ya hivyo kulikuwa na kimoja alichokiita mapacha. Kilikuwa kipande cha chuma kifupi kuliko kidole gumba, kimefungwa kwenye mpini mrefu, na chini yake safu mbili za meno madogo kama ya msumeno, zimekaa sambamba. Alikitengeneza mwenyewe kutokana na tupa iliyochakaa, jinsi alivyofundishwa na Mgiriki mmoja huko Kindu.

Safu mbili za nini? Swali hilo lilinikaa kooni miezi. Nilikuwa naketi mlangoni nikichambua mchele, jicho moja kwenye ungo, jingine kwake, na niliona wazi kwamba safu moja tu ndiyo inayotoa unga. Ya pili ilipita pale pale palipokwisha kukatwa, haifanyi lolote. Nikamuuliza kama upande mmoja umeishiwa makali. Akaniambia kazi yangu ni mchele. Nikamwambia mchele nimeshauelewa.

Kuomba nishike haikuwezekana. Kwa watu wa mume wangu mwanamke hagusi bunduki ya kuwinda wala haivuki ikiwa imelazwa chini, maana wanyama watainusa na kukimbia, na mwindaji atarudi mikono mitupu. Bunduki ikiwa barazani mimi nilizunguka nyumba nzima kwenda jikoni, mtungi kichwani, nikinung'unika. Sikuwahi kuigusa hata moja. Lakini mkebe wa biskuti si bunduki, nilijiambia, na mchi wangu wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, si bunduki pia. Siku moja alipokwenda kanisani kwenye mkutano wa wanaume, nikatoa mkebe, nikakaa chini na mchi mapajani.

Mistari yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Mchi ni wa mviringo, rula hailali juu yake, na mkono ukisita kidogo mstari unakwenda zake. Hapo nikakumbuka ukindu. Nilichukua utepe mmoja, ule ule wa kusukia mikeka, nikauzungusha kwenye mchi kwa ulalo, ukajilaza wenyewe umenyooka. Nikafuata ukingo wake kwa ule ubavu wa mwavuli. Mstari ukatoka safi. Halafu nikaweka mapacha juu yake, na papo hapo nikaelewa, mpaka nikacheka peke yangu. Safu moja ya meno inaingia kwenye mstari wa zamani na kutembea humo, mwenzake analima mstari mpya kando. Ile isiyokata ndiyo inayoonyesha njia. Ukimaliza unahama hatua moja, mstari mpya unakuwa njia, unakata mwingine. Nafasi haipungui wala haizidi. Ila ule wa kwanza hauna wa kuuongoza, na ukiukosea, yote inayofuata inarithi kosa lake.

Unga wa mukula uliokuwa kwenye meno ukaniruka jichoni. Nikafumba macho, yakawa yanachuruzika, lakini mkono ulikuwa umeshaanza safari nao ukaendelea. Nilipofumbua, mstari ulikuwa umenyooka kama wenzake. Nikajaribu tena, makusudi, macho yamefumbwa. Ukanyooka tena.

Alinikuta hapo hapo, wala sikusikia hatua zake. Mume wangu hakuwa mtu wa makelele. Alichukua mchi, akaunyoosha mbali, mkono wote, akaugeuza juani, akautazama na uso umemkunjamana. Kisha akaacha kutazama, akapitisha kidole gumba. Nikamweleza mambo ya kufumba macho, nikijisifu kidogo, sikatai. Akanijibu kwamba hakuna mtu anayekata na macho yamefumbwa, akaviringisha vyombo vyake na kupandisha mkebe juu darini. Nilimnunia siku nzima. Na katika kununa ndipo nilipoanza kuufikiria ule mkono ulionyooshwa.

Mtu huyu alikuwa akinionyesha kasuku juu ya mchikichi ng'ambo ya bonde, nami sioni kitu. Lakini sindano alikuwa ananiletea nimtungie uzi. Alisema ni moshi wa jikoni. Aliosha macho kwa maji ya majani aliyopewa na bibi mmoja, akayaosha tena. Wiki hiyo nilipochochea moto niliona kipande cha mukula kilichopigwa shoka, katikati ya kuni. Nikakitoa kabla hakijashika. Kilikuwa shingo ya kitako, imekatwa magamba, na mistari ilikuwa imelewa, huku imebanana, kule imeachana. Alikuwa anayachoma makosa yake kwenye meko yangu. Nilikirudisha motoni, nikapika, nikamwandalia, wala sikufungua kinywa. Nilimwonea huruma hadi chakula kikanishinda.

Lazima nieleze karatasi. Siku zile kila mwanamume asiye na kazi inayotambuliwa na serikali alipimiwa shamba la pamba. Monitere wa kilimo, yule msimamizi wa mashamba, alikuja na kamba, akapima, akaandika jina, na aliyezembea alilala gerezani. Fundi mwenye karatasi ya Bwana Mkubwa wa teritwari, yule Mbelgiji aliyetawala wilaya yetu, hakulima pamba. Karatasi hiyo iliandikwa upya kila mwaka, na mwaka ule Bwana Mkubwa mwenyewe alikuwa ameleta bunduki yake, kitako kimeliwa na mchwa alipokuwa likizo. Ilijulikana bila kusemwa kwamba kitako kikiwa kizuri, karatasi ipo. Mume wangu alikuwa mtu wa makamo, na shamba walilokuwa wakiwapimia watu wa mtaa wetu lilikuwa mbali, njia ya kwenda Nyangwe. Kaka yake alikuwa amelima huko misimu mitatu, na mgongo wake haukunyooka tena.

Kitako alikichonga vizuri sana. Kazi ya kuchonga aliifanya kwa viganja, na viganja havikuwa vimezeeka. Akakilainisha, kikang'aa chekundu. Halafu akasimama hapo. Leo alisema mti upumzike. Kesho alisema hewa ina unyevu. Chombo cha mapacha kilibaki darini, nami nilikaa roho juu, maana Bwana Mkubwa alikuwa na safari ya kuwinda upande wa Lusangi na siku zilikuwa zinakwisha.

Akaja mwenyewe, asubuhi, kwa miguu, monitere nyuma yake na daftari kwapani. Alishika kitako, akakisifu, akageuza shingo, akaona iko tupu. Akauliza magamba yako wapi. Mume wangu akaanza habari za unyevu. Bwana Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kazini kwamba amesikia maneno mjini, kwamba fundi huyu mkono umepotea, na bunduki mbili za mwisho zimetoka kwake hazina magamba kabisa. Monitere alikuwa ameshafungua daftari.

"Nataka kuona ukikata," Bwana Mkubwa akasema. "Hapa, sasa."

Mimi nilikuwa mlangoni na ungo wangu, na mchele wote ulikuwa umesimama, sichambui. Mume wangu akasema kitako cha Bwana si kitu cha kuonyeshea, akikata atakikata kwa utulivu, lakini ataonyesha kwenye mti mwingine. Akatazama huku na huku barazani. Vipande vya mti vilikuwepo tele miguuni pake. Kisha akageuza uso kwangu.

"Mama," akasema, "leta ule muchi."

Niliuleta. Na mkebe nikaushusha darini, nikauweka kando yake. Alikaa, akaubana kati ya magoti, akautafuta ule mstari wangu kwa kidole gumba, taratibu, hadi akaupata mwanzo wake. Akaingiza mapacha. Nikasikia yale meno yanavyokaa mahali pake, kile kisauti kidogo ninachokijua. Halafu mume wangu, mbele ya serikali yote, akafumba macho.

Alikata mistari saba. Hakusita kwenye hata mmoja. Bwana Mkubwa akavaa miwani yake, akainama, akapitisha ukucha juu ya mistari, akahesabu kwa Kifaransa. Akasema ni sawa, sawa kabisa, na kwamba hajapata kuona mtu anayefanya kazi hii kama anasali. Kisha akauliza ile mingine iliyokuwepo kabla ni ya nani.

"Ni ya muke wangu," mume wangu akajibu.

Bwana Mkubwa akacheka kwa sauti, na monitere akacheka kwa sababu mkubwa wake amecheka. Karatasi iliandikwa pale pale juu ya goti, mume wangu akatia dole, na wakaondoka. Kitako kingekuja kuchukuliwa baada ya siku nne. Daftari lilifungwa.

Nilirudi kwenye mchele wangu kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Mume wangu akaingia ndani, akakaa huko kidogo. Alipotoka alikuwa amebeba kitako cha Bwana Mkubwa kwa mikono miwili, akaja moja kwa moja, akakilaza mapajani mwangu, juu ya pumba za mchele. Nikainua mikono juu haraka. Miaka yote ile nilizunguka nyumba na mtungi kichwani, leo ananiwekea yeye mwenyewe.

"Chuma iko ndani ya nyumba," akasema. "Hii ni muti tu."

Sikushusha mikono. Akachuchumaa mbele yangu, mtu mzima yule, akatazama chini.

"Sioni, Mama. Tangu mvua iliyopita sioni."

Nikamwambia najua, nimeuona mukula wake kwenye meko yangu. Akaniuliza kwa nini sikusema. Nikamwambia mbona na yeye hakusema. Tukaishia hapo, maana nilikuwa nalia, na mimi nikilia maneno hunitoroka.

Nilichomoa utepe kwenye mkeka niliokuwa nausuka, nikauzungusha shingoni mwa kile kitako, nikausukuma mpaka ukalala. Nikakata mstari wa kwanza kwa ubavu wa mwavuli, polepole, kuliko nilivyowahi kukata kitu. Nikahamisha utepe, nikakata wa ulalo wa pili. Nikapuliza unga. Alikuwa amekaa karibu yangu, mapacha mkononi, anangoja.

"Imekatika?" akauliza.

"Imekatika."

"Basi shika mukono yangu, uweke ndani."

Nikamshika mkono, nikauongoza hadi meno yakaingia kwenye mstari wangu, naye akafumba macho.