Kilichokuwa Kikigonga Kwenye Gari la Mpika Keki

Binti yangu wa kwanza anapika keki. Mtaa mzima unamwita Keki, hata wale waliomjua tangu anatambaa wameshalisahau jina lake. Akipita dukani, watoto husogea karibu naye wakavuta pumzi. Alianza kwa kukanda unga kwenye tanuri la mikate la watu, mpaka mabega yakawa ya mbeba mizigo. Baadaye akanunua oveni yake, akaiweka kwenye chumba nilichokuwa nikishonea. Cherehani yangu ikahamia sebuleni. Sikulalamika. Basi, nililalamika kidogo.

Keki zake hazina kasoro. Shida ilikuwa ni njiani. Keki ya harusi haipandi pikipiki, na madereva wa teksi wanaendesha kama wanaofukuzwa. Kuna siku mmoja alimkwepa kuku, na ghorofa ya juu ya keki ikashuka kukaa mapajani mwa binti yangu. Bwana harusi wa sukari akapotelea ndani ya mkoba. Huko ukumbini, bibi harusi wa sukari alisimama peke yake mpaka mwenzake akapatikana, naye alipatikana bila kichwa. Wageni walicheka sana. Mwanangu alirudi nyumbani akafunga mlango wa jikoni, na siku nzima hatukusikia hata kijiko.

Ndipo akanunua gari, kwa masharti ya kulijaribu kwanza. Lilikuwa la mkononi, rangi ya chai ya maziwa, buti pana kama kitanda cha mtoto. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa miwani minene na maneno machache.

"Kaeni nalo mpaka Jumamosi adhuhuri," alisema. "Likiwapendeza, ni lenu. Lisipowapendeza nitakuja kulichukua, hatutagombana."

Jumamosi hiyohiyo mchana Keki alitakiwa apeleke keki ya ghorofa tatu kwenye ukumbi mkubwa upande wa pili wa mji. Msimamizi wa ukumbi ule ni mama mmoja asiyejua kucheka. Alimwambia, "Ikifika nzima, keki za harusi zote za hapa ni zako. Isipofika nzima, tusijuane." Kwa hiyo gari lile halikuwa gari tu. Kazi yote ya mwanangu ilikuwa imepakiwa humo.

Siku ya kwanza tulipanda watatu tukalijaribu. Keki kwenye usukani, baba yake mbele, mimi nyuma. Mimi nikipanda gari, mguu wangu wa kulia hukanyaga breki ambayo haipo.

"Polepole, mwanangu."

"Mama, hatujatoka getini."

"Ndiyo maana nasema mapema."

Tukatoka polepole. Hatujafika hata kwenye duka la jirani nikasikia. Ka-ka-ka. Kimya kidogo. Ka-ka.

"Mmesikia?"

"Tumesikia nini?" akauliza mume wangu, ambaye alikuwa karani wa bohari maisha yake yote na anaamini kila kitu kina mahali pake pa kuhifadhiwa, isipokuwa maneno yangu.

"Kitu kinagonga."

Akasikiliza. Kweli kikagonga. Akawasha redio.

"Mbona unawasha redio?"

"Dawa ya kelele ni kelele kubwa zaidi."

Nikaizima. Tukazunguka mtaa, na kile kitu kikazunguka nasi. Nikiinamia mlango wa kushoto, nasikia kiko kulia. Nikihamia kulia, nasikia kiko chini ya kiti. Nikaweka sikio kwenye kiti, nikasikia tumbo langu.

Kesho yake Keki akaenda sokoni peke yake kununua unga. Aliporudi nilikuwa nimesimama getini.

"Kimegonga?"

"Hakijagonga, Mama. Kimya kabisa."

"Ulikuwa umefungua masikio?"

"Ninayo mawili tu, na yote yako wazi."

Nikapanda tuhakikishe. Ka-ka-ka.

Hapo tukamwita Fundi Sikio. Anaitwa hivyo kwa sababu hashiki spana kabla hajasikiliza. Huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, na ole wako ukikohoa. Alilisikiliza gari lile mpaka shingo ikamuuma. Kisha akachukua ufunguo, akatoka nalo mbio kwenye barabara kuu pamoja na mume wangu. Waliporudi, wote wawili walikuwa na sura ya watu waliofurahi bila ruhusa.

"Mama, gari hili ni zima," akasema Fundi. "Injini inaimba."

"Inaimba na nani? Maana mimi nasikia mpiga ngoma."

"Panda basi, unionyeshe."

Nikapanda. "Taratibu, Fundi. Mimi nina presha." Akaenda taratibu, na tulipokaribia tuta la kwanza kikagonga. Fundi Sikio akakunja uso kama mtu aliyetukanwa na mtoto.

Alifanya kazi siku nzima. Alilifunga bomba la moshi kwa waya. Alitoa jeki kwenye buti akaiweka uani. Aling'oa kiti cha nyuma, akatoa kitana, chaki vipande kadhaa na jino la bandia. Ikabidi mume wangu ampigie simu yule mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani, kuna jino hapa. Ni la kwako?"

Tukasikia mlango ukifungwa upande wa pili wa simu.

"Liwekeni," akasema mwalimu, akakata.

Baada ya hapo Fundi akakirudisha kiti, akatoka tena mbio barabara kuu, akarudi anatabasamu. "Nimelitibu." Nikapanda mimi tukaenda sokoni. Ka-ka-ka.

"Mama," akasema Fundi, kwa adabu kubwa, "labda ni wewe."

Wakanipekua. Nilivua bangili, nikaacha mkoba, nikavua hata viatu. Nikapanda kama mtu anayeingia kuchunguzwa hospitalini. Kikagonga vilevile.

"Basi ni magoti," akasema mume wangu.

"Magoti yangu yamekupikia miaka mingi, hayajawahi kugonga."

"Yamegonga. Mimi nilikuwa nawasha redio."

Watu wakacheka, hata Keki akacheka, lakini niliona jinsi alivyokuwa anabana kitambaa cha mikono. Siku zilikuwa zinakwenda. Mimi niliapa kwamba yeye hatapanda chombo kinachogonga bila kujulikana kinagonga nini, na baba yake, ingawa ananitania, hataki kulaumiwa. Ijumaa akatoa hukumu akiwa mezani.

"Gari linalowaimbia wengine na kumlilia mama mwenye nyumba, silitaki hapa. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kesho adhuhuri mwenyewe aje alichukue."

Mimi ndiye niliyempigia mwalimu simu. Tena nilimpigia haraka. Keki aliinuka mezani. Alirudi jikoni akapiga mayai, na mayai yale yalipigwa kama yamemkosea.

Jumamosi asubuhi keki ilikuwa tayari juu ya meza, ghorofa tatu, nyeupe, maua yake madogo kama meno ya mtoto. Mume wangu alikuwa uani analiosha gari, kwa sababu yeye harudishi kitu cha mtu kikiwa kichafu. Keki alikuwa anapiga simu kutafuta teksi ya dereva mzee, na kila aliyempata alikuwa kijana. Nilipaswa kutulia. Lakini nikawaza, kitu hiki kitarudi kwa mwalimu bila kujulikana ni nini, kisha atauziwa binti wa mtu mwingine, na huyo naye ana mama.

"Keki, mwanangu, washa gari."

"La nini tena, Mama? Si linaondoka?"

"Washa. Mimi leo sipandi. Nitatembea."

Alinitazama kama unga ulioingia maji. Lakini aliwasha. Tukatoka getini, yeye kwenye usukani, mimi kwa miguu kando yake, mkono mmoja juu ya mlango, kichwa kimeinama kwenye tairi. Gari lilikwenda kwa mwendo wangu, na mwendo wangu si mwendo.

"Jamani, mnamzika nani?" akauliza jirani mwenye duka.

"Bado hatujajua," nikamjibu. "Tunamtafuta marehemu."

"Mama Keki, gari likichoka libebe mgongoni!"

Nikaendelea kusikiliza. Tairi la mbele kushoto, kimya. Nikazunguka kulia, kimya. La nyuma kulia, kimya. Nikahamia nyuma kushoto, na hapo hata kuinama sana hakukuhitajika. Ka-ka-ka, kila gurudumu likizunguka, palepale, ndani ya kile kifuniko cha plastiki kinachofunika gurudumu, ambacho mafundi wanakiita kofia.

"Simama! Nipe kisu chako."

"Kisu gani?"

"Cha kupakia krimu. Kiko kwenye mfuko wa aproni yako, nakiona."

Alikitoa dirishani bila kuuliza, maana alikuwa ameshanizoea wiki ile. Nikachuchumaa, nikapenyeza kisu pembeni mwa kofia, nikabandua. Nati moja ikadondoka mkononi mwangu, nene, nzito, ina kutu kidogo. Nikatazama gurudumu. Palikuwa na mahali pa nati nne. Mahali pamoja palikuwa patupu. Nikaishika nati ya pili kwa vidole vyangu hivi vya kushonea, ikageuka. Nikajaribu ya tatu, nayo ikageuka.

Keki alikuwa ndani, hakuona kitu. Hakuna aliyeona. Na nikisema kweli, nilikaa pale nimechuchumaa na nati mkononi muda mrefu kuliko ilivyopasa. Nilikuwa sahihi wiki nzima. Ningeirudisha kofia mahali pake, nikamwambia mwalimu peke yake pembeni, gari lingeondoka, na mwanangu angebaki na teksi zake, na mimi na usingizi wangu. Nikainua macho. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona anasema peke yake, midomo inacheza, kidole kinakata kona hewani: kulia, moja kwa moja, mzunguko, kushoto. Alikuwa anaipitia njia ya ukumbini, njia ambayo alijua hataendesha yeye.

"Zima gari," nikamwambia. "Shuka uone. Usiliendeshe tena hata hatua moja mpaka Fundi aje."

Fundi Sikio alikuja anakimbia. Alipoiona ile nati alishika spana bila kusikiliza kwanza. Alizikaza zote, magurudumu yote manne, kwa mguu juu ya spana, akazikagua tena kwa mkono. Kisha akakaa chini kwenye ukingo wa barabara.

"Aliyebadilisha tairi hili alizifunga kwa vidole akasahau kukaza," akasema. "Moja ikatoka, kofia ikaidaka. Ukienda mbio, nati inatupwa ukingoni mwa kofia inabana hapo, haisikiki. Ukienda polepole, inabiringika."

"Ndiyo maana ninyi hamkusikia," nikasema.

"Sisi tungeisikia siku gurudumu linatupita barabarani, Mama."

Mume wangu alifika na kitambaa cha kuoshea gari. Akasikiliza maelezo yote, akatikisa kichwa kama mtu anayethibitisha. "Nilijua ni tairi."

"Ulisema ni magoti!" tukamjibu wote.

Adhuhuri ilipofika, mwalimu naye akafika na shati lake lililopigwa pasi, tayari kulipokea gari lake. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya boneti.

"Karibu, Mwalimu. Gari haliondoki."

Akavua miwani. "Samahani, si wewe mama uliyenipigia jana ukasema nisichelewe?"

"Ni mimi. Sasa nakuomba uchelewe."

Tukamwonyesha nati, tukamweleza. Alibadilika rangi, akasema tairi lile alibadilishiwa njiani mwezi uliopita na mtu asiyemjua, na yeye mwenyewe alikuwa akienda nalo mbio kila siku, redio imewashwa. Mume wangu akatazama pembeni. Mwalimu akapewa jino lake ndani ya karatasi, akalitia mfukoni bila kulitazama, akaondoka kwa miguu.

Keki ya ghorofa tatu ilichukua buti yote, na maboksi ya maua yakajaza viti vyote vya nyuma. Cha mbele alikaa mdogo wake wa kike ameshika bibi harusi na bwana harusi wa sukari kwa mikono miwili, kama anayebeba yai. Hapakuwa na nafasi yangu. Niliangalia vizuri, nikaangalia tena, hapakuwa na nafasi.

"Mama, toka mbele ya gari," akasema Keki.

Nikatoka.

Sikukaa. Nilipanga vyombo vilivyokuwa vimeshapangwa. Nilishona kifungo kwenye shati lisilodai kifungo. Mume wangu alinikaribisha chai, nikasahau kuinywa. Simu ilipolia niliiangusha, nikaiokota kwa mikono yote miwili.

"Mama, keki imefika. Nzima. Yule mama ameizunguka mara nyingi anatafuta kasoro, hajaipata. Anasema nilete nyingine Jumamosi ijayo."

"Na gari?" nikauliza.

"Gari nalo limefika, Mama. Tumekuja nalo."