Samaki wa Mheshimiwa Jaji

Miaka ishirini na mbili sasa, karani Verna anamsikia jaji wa mahakama ya shirikisho akisimulia mzaha uleule kabla ya kila hukumu: samaki aliyemponyoka alipokuwa akivua kwenye tundu la ziwa lililoganda barafu. Huvua miwani, huifuta kwa pindo la joho, kisha huanza. Mawakili hushika mbavu kwa kucheka. Watafanyaje? Cheo chake ni cha mpaka kaburini, hana wa kumfukuza. Leo asubuhi mshtakiwa wa kwanza hakucheka, alimkodolea macho tu.

“Miaka sita,” jaji akasema. Kwa kosa lile huwa anatoa minne.

Wakili wa aliyefuata akamnong’oneza mteja wake, “Dwayne, ndugu yangu, akitaja samaki, cheka hata kama hujaelewa!”

Jaji akavua miwani. Kabla hajafungua kinywa, Dwayne akaangua kicheko.

Jaji akairudisha miwani usoni taratibu.

“Miaka kumi.”