Udongo wa Mama Mkwe

Shemeji yangu Ildefonce ni mtu mzima, ana ndevu, ana kazi yake ya kuchanganya tope kwenye mtambo wa kuchimba visima. Lakini mweke mbele ya mama yangu uone! Anainamisha macho, anasema "shikamoo mama", basi, sauti imeisha. Miaka kumi na mitano ya ndoa na dada Aneth, sijawahi kumsikia akimpinga mama hata kwa neno moja. Mama naye hajawahi kumtuma hata kiberiti. Ndivyo heshima ya mkwe ilivyo kwetu, sawa, lakini hawa wamezidisha.

Na heshima hiyo nusura itunyime kisima.

Mwaka jana shemeji na wenzake walichimba hapa kijijini kwetu, upande wa Mngeta, shimo likabomoka. Chini yetu ni mchanga mtupu wa mto. Wakahama wakatuacha na ndoo zetu, na zahanati ikaendelea kuwaambia wajawazito waje na maji yao. Lawama zote zikamwangukia shemeji, kwa sababu ndiye waliyemjua. Gulioni wakaniuliza, "Agnella, mkwe wenu ni fundi wa kuchimba au wa kufukia?" Siku hiyo nilitukana mtu, nasema ukweli.

Mwezi wa tatu mwaka huu wakarudi kujaribu tena, mimi nikiwapikia. Hapo ndipo nilipojua kwamba tope nalo ni kazi ya akili. Pampu inalisukuma kupitia bomba hadi chini, linapanda likibeba mchanga, na njiani linazishika kuta za shimo zisianguke. Likiwa jepesi, kuta zinashuka. Likizidi uzito, pampu inashindwa. Shemeji alikuwa akilimimina kwenye faneli na kulihesabia sekunde kwa simu: maji matupu yanapita kwa sekunde ishirini na sita, yeye alitaka arobaini.

Alhamisi, mita thelathini na nane chini, mchanga ukaanza kulinywa tope. Unga maalumu wanaouchanganya na maji kutengeneza tope ukabaki magunia mawili, na lori la kuleta mengine lilikuwa limenasa njiani kwa mvua. Abdulkarim, bosi wao, akasema kesho saa kumi jioni, hali ikiwa hii hii, anang'oa mabomba na kuondoka. Shemeji hakula siku hiyo. Wali wangu wote ulirudi jikoni.

Mama alisikia. Mama yangu Domitila ni mfinyanzi tangu ujana wake, na Ijumaa asubuhi akaja na beseni tatu za udongo mweusi, amekwisha kuukanda. "Mpeni mkwe," akasema. Kuongezea udongo kwenye tope si jambo geni kwao. Shemeji akaupokea kwa mikono miwili, goti chini.

Wakachanganya. Faneli ikatoa sekunde thelathini na tisa, nikapiga kigelegele. Wee! Robo saa haijaisha, tope la juu limekuwa maji, chini kumelala mchanga, pampu inakohoa. Wakakoroga tena, likalala tena. Nikamwona shemeji anausugua ule udongo kwa vidole, anautazama.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu."

"Shemeji, usinichezee. Kuna nini?"

"Una chenga," akasema polepole. "Lakini ni udongo wa mama. Nitamwambiaje mama kwamba udongo wake haufai?"

Jamani! Zahanati nzima inasubiri maji, mtu anaona haya! Nikatupa mwiko, nikakimbia nyumbani.

"Chenga gani?" mama akashangaa. "Hivyo ni vigae. Nimesaga vyungu vilivyovunjika nikachanganya humo. Udongo mtupu si unapasuka motoni? Nilimpa ulio bora!"

"Mama, wao hawachomi chungu!"

Akajishika kiuno. "Sasa mbona hakuniuliza?"

Nyuma ya nyumba mama ana shimo anakoloweka udongo kabla hajautia kitu. Tukaujaza kwenye ndoo, majirani wakabeba, tukauchuja kwa kitenge changu kipya, nikauma meno. Shemeji akaniomba na magadi yangu ya kupikia maharage, eti yanaufanya udongo uvimbe na kushikana. Nikampa mfuko mzima.

Sekunde arobaini na moja. Tukasubiri robo saa. Akapima tena: arobaini na moja. Halikulala! Saa kumi ilipofika Abdulkarim akaja, akachovya kidole, akatazama pampu inavyokwenda, akasema, "Endeleeni." Nilikaa chini palepale kwenye matope nikalia kwa furaha, sikujali nani ananitazama.

Jumatatu maji safi yakatoka. Mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na ndoo mbili na furushi la nguo za kufua. Shemeji akamfuata, na safari hii alimtazama usoni.

"Mama," akasema, "ule udongo wa kwanza haukufaa."

Mama akaendelea kujaza ndoo.

"Ungesema palepale, mwanangu," akamjibu, "saa hizi nguo zangu zingekuwa zimeshakauka." Kisha akamsogezea ndoo iliyojaa. "Haya, beba hii."

Akaibeba.