Mama Ngao na Gemu la Pili

Tarehe 9 Agosti 2014, saa kumi na dakika ishirini jioni, mwanamke mmoja fundi miwani aliandika kwenye ukurasa wa wapenzi wa gemu: "Nimelimaliza Ngome ya Majivu la pili. Ni uozo mtupu. Msipoteze muda wenu." Maneno hayo bado yapo. Chini yake kuna maoni mia nne na kumi na mbili, karibu yote ya kumpigia makofi.

Tatizo ni neno la kwanza. Hakulimaliza. Alicheza mchana mmoja, akafa darajani mara ishirini na tatu, akazima mashine.

Magemu haya hayana huruma. Unatembea na upanga ndani ya ngome iliyoungua, kila kona ina wa kukuua, na ukifa unarudishwa mwanzo mikono mitupu. La kwanza alilimaliza mara sita, daima nyuma ya ngao kubwa ya chuma, akingoja adui achoke ndipo amdunge. Ndiyo maana wenzake wakamwita Mama Ngao. Lilipotoka la pili, ngao ile ikawa nzito kama lango, na maadui wakawa hawachoki. Wengi walisema watengenezaji wameharibu. Wachache walilipenda, na mmoja wao alikuwa mdogo wake, mwalimu wa hesabu, waliyekua naye chumba kimoja wakipokezana pedi moja ya gemu: ukifa, unampa mwenzako.

Mdogo wake alijaribu kulitetea pale ukurasani. Dada akamjibu mbele ya watu: "Mwalimu kachoka kusahihisha makosa, sasa anayapa mia kwa mia." Wakacheka mpaka basi. Tangu hapo mwalimu hakuja tena kucheza Jumamosi. Wakikutana kwa mama yao wanasalimiana vizuri, wanaulizana hali za watoto, yanaishia hapo.

Mwaka huu likatangazwa la nne, la kuchezwa na watu wawili. Mama Ngao akajikaza, akamwandikia mdogo wake wacheze pamoja. Jibu lilikuwa mstari mmoja: "Maliza la pili kwanza, dada, halafu waambie watu ukweli."

Kumbe alijua siku zote kwamba hakulimaliza.

Jumapili mchana alikuwa darajani tena, ngao mbele, taya zimekaza. Mume wake alikuwa akipiga pasi mashati nyuma ya kochi.

"Umekufa tena?"

"Nyamaza wewe."

"Mimi nimenyamaza. Linalosema ni hilo jitu lenye rungu."

"Daraja lenyewe jembamba kama ulimi, kamera ya gemu inajificha nyuma ya ukuta, halafu mtu mzima na akili zake anasema hili ni gemu!"

"Mara ya ngapi hiyo?"

"Kumi na tisa."

"Tangu uanze?"

"Tangu tule."

Mume akarudi kwenye kola ya shati. Ndoa ina mambo ya kusema na mambo ya kupigia pasi.

Jumatatu asubuhi aliingia dukani fundi cherehani mmoja, mzee, akaweka miwani kwenye kaunta kama anayerudisha samaki aliyeoza. Ilikuwa ya kuonea mbali juu na kusomea chini, yenye siku tatu tangu itoke.

"Mibovu hii. Ngazi zinanikimbia."

Mama Ngao akapima upya umbali wa mboni na kimo cha lenzi. Hakuna milimita iliyokosewa.

"Umeivaa kiasi gani, mzee wangu?"

"Ikiniudhi naivua."

"Basi hujaivaa. Wewe bado unatazama kwa mtindo wa ile ya zamani. Kusoma, shusha macho, si kichwa. Ngazi, inamisha kichwa. Vaa wiki mbili bila kuvua, ndipo uje unitukane."

"Nimeshawaambia wenzangu wote wasije kwako."

"Kwa siku tatu tu?"

Swali lilimtoka kwa ukali, kisha likamrudia. Mzee ameivaa siku tatu. Yeye alicheza mchana mmoja.

Jioni hiyo, ndani ya gemu, aliivua ngao na kuitupa. Akafungua ukurasa wa kugawa alama, ambao tangu 2014 alikuwa akiugusa mahali pamoja tu: nguvu. Wepesi ulikuwa na alama tano, zile zile ambazo kila mchezaji huanza nazo. Katika la kwanza wepesi haukuwa na kazi yoyote. Katika la pili, uwezo wote wa kukwepa ulikuwa humo.

"Si wangesema!" akafoka.

Mume akachungulia. "Hapo chini pameandikwa nini?"

Palikuwa pameandikwa.

Daraja alilivuka mara ya nne. Hakufurahi, ng'ambo kulikuwa na mabaya zaidi. Zilipita siku kumi na tisa za kusonya kabla hajaona mwisho. Siku ya ishirini aliandika palepale, chini ya maneno yake ya zamani: "Mwaka 2014 nilidanganya. Sikulimaliza. Sasa nimelimaliza. Daraja ni baya, kamera mbovu, mwisho umelipuliwa kama kazi ya haraka. Lakini kupigana kwake kumetengenezwa vizuri kuliko la kwanza, nami sikuona kwa sababu sikuitua ngao. Mdogo wangu alisema kweli, nikamfanya kichekesho."

Watu hawakumwonea huruma. Mmoja akampa jina jipya, Mama Kigeugeu, na likapata vicheko vingi kuliko lile la kwanza. Aliyasoma yote, masikio yakimwaka, hakufuta kitu.

Simu ikaita.

"Wepesi umeweka ngapi?" Hakuna salamu.

"Thelathini."

"Nyingi mno. Ishirini zinatosha."

"Usianze, mwalimu."

"Na darajani?"

"Darajani ni pabaya, na hilo silibadilishi ng'o."

"Hata mimi pananiudhi, dada. Miaka kumi na moja sikuwa na wa kumwambia."

Jumamosi saa nane mchana anakuja na pedi yake. Wataanza la nne, na atakayekufa kwanza ndiye atakayechemsha chai.