Nusu Saa Mpaka Beni

Kwenye duka la fotokopi mjini Kasese, mbele yangu alisimama Mkongomani mmoja anayeuza vitenge kule Bwera, mpakani. Hakuwa na karatasi yoyote mkononi. Akamwinamia dada wa kompyuta:

"Uniangalizie, kutoka kiwanja cha ndege cha hapa mpaka cha Beni, ndege inafanya saa ngapi?"

Dada akabonyeza. "Kilomita themanini hivi. Nusu saa haifiki."

"Nusu saa!" Muuza vitenge akampigia simu mama yake kwao Beni, ng'ambo ya mpaka, sauti akaiachia sote tusikie. "Mama, weka maji ya bugali ku moto. Kompyuta inasema nitafika mbele ya kuiva."

Kwao bugali, ugali wetu huu, haisongwi mpaka mgeni aonekane, maana kumpa iliyopoa ni kama kumfukuza. Mama akacheka. "Naweka."

"Lakini ndege yenyewe haipo," dada akanong'ona.

"Najua. Na barabara iko na vita. Wewe ulipima tu, na mie nilisikia tu."

Kompyuta ina tabia za wakubwa wetu: inakupa umbali na muda, chombo ujitafutie.

Umeme ukakatika. Nikabaki kungojea fotokopi zangu, naye akabaki kwa sababu zake, mpaka simu yake ikalia.

"Nusu saa imepita, nikasonga. Bugali iko mezani. Uko wapi?"

Akatazama nje, upande wa Rwenzori, mlima wote umefunikwa na mawingu. Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge alichotupia begani.

"Kula tu, mama. Ndege iko inazunguka. Inatafuta pa kutua."