Shahidi wa Harusi ya Chebunyo

Asubuhi hiyo kortini Bomet sikuweza kuketi. Naenda kwa geti, narudi, naangalia simu, naenda tena. Askari wa geti akaniuliza kama siafu wameniingia kwa nguo. Nikamwambia aniache, bwana, shahidi wangu hajafika.

Mimi ni msaidizi wa sheria wa kujitolea. Kwa kikundi chetu hakuna wakili hata mmoja. Ni wachuma chai, walimu wastaafu na mama mboga, tumefunzwa kidogo tufuatilie kesi za watu wasio na mtu. Siku hiyo mtu wetu alikuwa mjane wa Chebunyo, ameketi kwa benchi na watoto wake. Aliyemwoa alikuwa mwanamke. Kwa Wakipsigis hilo si ajabu: mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa mke, ili nyumba yake isife. Mama aliyemwoa alipozikwa, watoto wa shemeji yake wakaja wakafunga nyumba kwa kufuli. Wakasema huyu hakuwa bibi wa mtu, alikuwa kijakazi tu, abebe watoto wake aende.

Harusi yenyewe haikuandikwa popote. Waliokuwepo wamekufa, isipokuwa kogo mmoja, nyanya aliyemfunga bibi harusi nyasi mkononi, alama ya ndoa kwa mila yao. Lakini kogo sasa alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na kanisa lake halitaki kabisa kusikia mambo hayo. Nilimwendea mara kadhaa. Alinipa chai, na kwa vile wazazi wangu walitoka ziwani kuja kuchuma chai Kericho, akanitania: "Wewe mtu wa samaki, mila yetu inakuwasha nini?" Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Hiyo ndiyo ilininyima usingizi.

Kesi ikaitwa, bado hajafika. Nilikasirika, sitaficha. Nikamsema moyoni: Biblia kubwa, roho ndogo! Ndipo mlango ukafunguka, akaingia polepole akishika ukuta.

Hakimu akamuuliza ana uhakika gani kwamba ilikuwa harusi.

"Nilimfunga nyasi kwa mikono hii," kogo akasema. "Nikamwambia, hapa ni kwako. Sasa leo nimwambie nilimdanganya?"

Wale vijana wa kufuli wakaangalia chini. Hakimu akaamuru kufuli itolewe siku hiyo hiyo, na mjane asiguswe hadi kesi iishe.

Nje, mjane alimkumbatia kogo akilia kwa sauti. Mimi pia, wacha tu. Kisha kogo akanivuta kando.

"Jana niliwaambia kanisani nakuja huku. Wamenitoa kwa uongozi, na wenzangu hawanisalimii. Huyu amepata kwake. Mimi Jumapili nitaketi na nani?"

"Na mimi, kogo. Nitakuja."

Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Hata nyimbo zetu hujui," akasema, na hapo ndipo machozi yakamtoka.